Vyungu Saba Chini ya Mshelisheli

Kila asubuhi, kabla hajateleka chai, Mama Akaiti alitoka kibarazani na chungu cha maua katika kila mkono, akavuka ua, akavitua juu ya kaburi la mama mkwe wake. Akarudi kuchukua vingine viwili, halafu viwili tena. Cha saba kilikuwa pipa la mashine ya kufulia iliyokwisha kazi. Hicho hakikubebeka, kwa hiyo alikisukuma kwa goti mpaka miguuni pa kaburi na kukiacha hapo. Alipomaliza alifuta jina la marehemu kwa pindo la gauni na kusema, "Haya, Mama. Nishikie mpaka saa sita."

Mumewe, Papa Teokotai, ambaye saa hizo alikuwa akinyoa ndevu dirishani, hakukosa la kusema.

"Mama yangu hakuwahi kukushikia hata mwiko alipokuwa hai."

"Hakuwa na nafasi. Sasa anayo."

Saa sita, jua lilipovuka mti na kaburi likaingia kivulini kama sehemu nyingine zote za ua ule, alivirudisha vyungu kibarazani kimoja kimoja. Mgongo ulimuuma, lakini hakumwambia mtu.

Ua wote ulikuwa chini ya mti mmoja. Ulikuwa mshelisheli, mpana kama paa la kanisa, wenye majani makubwa yaliyokatika kingo kama vidole, na jua lilipita humo kwa vipande vidogo vidogo vilivyohama hama ardhini mchana kutwa. Mti huo aliupanda yule yule mama mkwe, miaka thelathini na minne iliyopita, siku kitovu cha Ngatuaine, binti wa Mama Akaiti, kilipodondoka. Alichimba shimo kwa mikono yake, akakilaza kitovu cha mjukuu wake humo, akasimika mche juu yake. Ngatuaine alikua, akaenda Auckland kufanya kazi katika jengo la kutunzia wazee, akaolewa huko. Mti ulibaki. Mtu wa kisiwa hiki cha Rarotonga akikuuliza habari za mwanao aliye ng'ambo, mara nyingi utakuta macho yake yako kwenye mti, wala si kwako.

Habari ya vyungu ilianzia kwenye kikao cha kamati ya wanawake, ukumbini kanisani. Tutaka ilikuwa imebakiza wiki saba. Hiyo tutaka ndiyo ile siku ya mwaka ambapo watu wa afya na wazee wa kijiji hupita nyumba kwa nyumba wakichungulia mifereji, vyoo, mabanda ya nguruwe na bustani, na kila nyumba hupewa alama, na alama za nyumba zote huwa alama za kijiji. Mwaka uliotangulia kijiji cha jirani kilikuwa kimepanga vyungu vya maua ya njano barabara nzima na kuondoka na ushindi. Mwenyekiti wa kamati, Mama Tepaeru, hakuwa amelala vizuri tangu siku hiyo.

"Sisi ni nyekundu," alisema. "Kila nyumba ya barabarani, vyungu saba, maua mekundu. Sitaki kusikia ya waridi, sitaki kusikia zambarau. Nyekundu."

"Kwangu ni kivuli, wifi," Mama Akaiti alisema kutoka safu ya nyuma.

Mama Tepaeru alikuwa dada yake Papa Teokotai, na wifi hawa wawili walikuwa wametaniana kwa miaka arobaini bila mmoja kuchoka.

"Basi kitoe kivuli," Mama Tepaeru alijibu, na ukumbi mzima ukacheka.

Jumamosi Mama Akaiti alipanda pikipiki yake kwenda sokoni Avarua akanunua miche saba ya zinia, maua yake mekundu kama midomo ya waimbaji. Aliipanga kibarazani na kujisifu siku nzima. Siku ya tano zinia zilikuwa zimerefusha shingo kama watu wanaochungulia ukuta wa jirani, majani yake yakaingia unga mweupe, na ua lililofunguka lilikuwa dogo, limepauka. Ndipo alipotafuta jua katika ua wake, akakuta liko mahali pamoja tu, juu ya vigae vya kaburi la marehemu.

Wiki ya pili ya kubeba vyungu, pikipiki ya Mama Tepaeru ilisimama getini. Yeye mwenyewe alishuka na kofia yake ya mkeka, akatazama kaburi, akatazama vyungu vilivyokaa juu yake.

"Wifi, umemgeuza mama yangu meza."

"Hajalalamika."

"Angekuwa hai angelalamika."

"Angelalamika kwamba nimevipanga vibaya."

Hilo Mama Tepaeru hakuweza kulikana, akacheka kidogo puani. Kisha akainua uso kuutazama mti, na kicheko kikaisha.

"Matawi ya upande wa barabara yote yatoke," alisema. "Nimeshaongea na kaka. Mwenye msumeno anakuja Jumatatu."

Mama Akaiti alimgeukia mumewe. Papa Teokotai ghafla aliona kitasa cha mlango kinahitaji kutengenezwa, akainama na kuanza kukitengeneza kwa kidole. Alikuwa mwanaume wa maungo, aliyewahi kuvuta mtumbwi peke yake kutoka mwambani, lakini alimwogopa dada yake tangu wakiwa watoto.

"Teokotai, umesema ndiyo?"

"Sikusema hapana," alikiambia kitasa.

"Hayo ni nusu ya mti."

"Mti huota tena," alisema Mama Tepaeru. "Lakini tukishindwa mara ya pili, wale wa jirani watatuimbia mwaka mzima. Nyumba yako ndiyo ya kwanza baada ya kona, wifi. Mtu akija anaona maua, maua, maua, halafu anaona shimo. Shimo ni wewe."

Mama Akaiti alisimama na mfagio mkononi. Alimjua mwenye msumeno. Mwaka juzi aliitwa kupunguza mparachichi wa jirani, akapunguza upande mmoja, mti ukainama, akaja kusawazisha upande wa pili, na leo pale pana kisiki cha kukalia.

"Nipe mpaka tutaka," alisema. "Wakija wakasema ua wangu ni giza, mwite. Nitamshikia ngazi mwenyewe."

"Utashika?"

"Nitashika."

Mama Tepaeru akavaa kofia yake vizuri. "Kaka, umesikia. Shahidi ni wewe na mama." Akaondoka, na kabla ya kuondoka akakigeuza chungu kimoja juu ya kaburi, kwa sababu kweli kilikuwa kimekaa vibaya.

Jioni hiyo Ngatuaine alipiga simu. Mama Akaiti alimweleza yote, akitegemea mtoto aje juu. Ngatuaine akacheka.

"Kateni tu, Mama. Kitovu chenyewe kimeshaoza zamani. Mimi niko huku mwaka wa kumi na moja."

"Ndiyo."

"Usijiumize mgongo kwa ajili ya mti."

"Ndiyo, mwanangu."

"Mashelisheli yameiva lakini?"

Mama Akaiti alikaa na simu mkononi baada ya kukata. Kila Jumapili mtoto huyu aliuliza swali hilo hilo, na wala hakujisikia akiliuliza. Nje, jani moja lilidondoka juu ya paa la bati, likateleza, likaanguka kibarazani. Alilifagia.

Kisha mvua ikanyesha siku nne mfululizo. Jua halikuonekana hata kaburini. Siku ya tano zinia zote saba zilikuwa zimelala ubavu, na Mama Akaiti alizing'oa bila huzuni kubwa, kama mtu anayewaaga wageni ambao hawakula vizuri. Zilibaki wiki nne.

Kulipokauka alianza kuanika matandiko, kwa kuwa kabla ya tutaka kila kitu hutolewa nje. Ndani ya sanduku, chini ya mashuka yote, ilikuwamo tivaevae aliyopewa siku ya harusi yake, shuka la viraka ambalo mama mkwe na wanawake wenzake walilishona kwa msimu mzima. Aliitandaza juu ya kamba kibarazani. Ilikuwa nyekundu na nyeupe, na ilikiangaza kibaraza kizima, kivuli au hakuna kivuli. Alikuwa ameilalia, ameifua, amewafunika nayo wagonjwa, lakini hakuwahi kuitazama akiwa na shida ya rangi nyekundu.

Alisogea karibu. Akatafuta ua. Hapakuwa na ua hata moja. Nyekundu yote ile ilikuwa majani, yenye kingo za meno meno na mshipa mmoja katikati.

"Teokotai, njoo. Hili jani umeliona wapi?"

Papa Teokotai alikuja na kikombe chake, akainamisha kichwa. "Kwa Tepaeru. Nyuma, pale maji ya kufulia yanapopita."

Mama Akaiti alikuwa pikipikini kabla mumewe hajamaliza kunywa.

Mtaro wa maji ya kufulia wa Mama Tepaeru ulipita nyuma ya nyumba, chini ya migomba, mahali ambapo jua halikufika tangu nyumba ijengwe. Na kando ya mtaro huo, bila kupandwa na mtu, ule mmea laini wa majani ya rangi ulikuwa umejaa kama umati: mekundu kama damu, mengine mekundu yenye kingo za kijani, mengine yamechanganyika kana kwamba mtu amekung'uta brashi.

"Hayo?" Mama Tepaeru alisema, akiwa ameshika nguo iliyolowa. "Hayo ni magugu, wifi. Wajukuu wangu wanakojoa hapo."

"Ndiyo maana yamenawiri."

"Kamati imesema maua."

"Kamati inione siku ya tutaka. Nipe kisu."

Alirudi na mfuko umejaa vipande. Alivitia katika glasi na vikombe vya maji na kuvipanga dirishani, na kwa siku kumi Papa Teokotai alikunywa chai katika bakuli, kwa kuwa hapakubaki glasi wala kikombe ndani ya nyumba. Vipande vilitoa mizizi kama ndevu nyeupe. Alivipanda katika vyungu, na katikati ya kila chungu akasimamisha mche wa ti, ule wa majani marefu mekundu yanayoelekea weusi, ambao kila mtu anao katika ua wake wa nyuma. Vikashika. Vikajaa. Wiki moja kabla ya tutaka alivipanga kibarazani, akavuka barabara ili avione kama watu wa afya watakavyoviona.

Hakuona kitu. Aliona nyumba, aliona mti, na chini ya mti aliona madoa meusi saba.

Papa Teokotai alivuka naye akasimama kando yake. Alitafuta neno la upole.

"Umepanda vivuli ndani ya kivuli," alisema.

Mama Akaiti alikaa kwenye ukingo wa barabara, na gauni lake jipya. Kwa mara ya kwanza aliufikiria msumeno kama kitu kitakachotokea. Aliliona tawi la chini, lile ambalo Ngatuaine alifungia bembea, likiwa chini limekatwa vipande. Hakulia. Alikuwa mtu wa kutazama, basi akaendelea kutazama. Na kitu pekee kilichoonekana vizuri kutoka pale alipokaa kilikuwa ile tivaevae, bado iko kwenye kamba.

"Nyeupe," alisema.

"Wametaka nyekundu."

"Angalia mamako alivyofanya. Nyekundu ameiweka juu ya nyeupe. Angeiweka juu ya nyeusi nani angeiona?" Alikuwa ameshasimama na kujikung'uta. "Giza linakula nyekundu, Teokotai. Lazima kuwe na kitu cheupe cha kuisukuma mbele."

Siku tatu zilizofuata hakukaa. Kwa mke wa mchungaji alipata ule mmea mdogo wa jamii ya magimbi, wenye jani jeupe la umbo la moyo na mishipa myekundu. Kwa binamu yake wa upande wa pili wa kisiwa alipata begonia za maua meupe zinazoning'inia. Kwenye mtaro wa wifi alirudi kutafuta aina moja tu, ile ya kijani changa inayokaribia njano, ambayo mara ya kwanza aliiruka akiitafuta nyekundu. Kisha akavimwaga vyungu vyake vyote na kuvipanda upya, kila kimoja kwa namna yake. Ile ti ndefu nyeusi aliiacha katika viwili tu, ikiwa na moyo mweupe mbele yake. Majani mekundu ya damu aliyaweka ubavuni kwa ya kijani changa. Begonia zilining'inia kwenye midomo ya vyungu na kuficha rangi iliyobambuka. Katika pipa la mashine ya kufulia alitia kila kitu kidogo kidogo. Alipanda mmea mmoja, akavuka barabara, akatazama, akarudi, akang'oa. Magari yalipunguza mwendo kumpisha, na madereva wakampigia honi za salamu.

"Magimbi kibarazani," Papa Teokotai alisema alipoyaona yale majani meupe. "Watu watasema tuna njaa."

"Vuka barabara."

Alivuka. Alikaa huko muda, mikono kiunoni. Aliporudi alichukua kitambaa na kuanza kuvifuta vyungu matope.

Siku ya tutaka waliokuja walikuwa watatu: mzee wa kijiji mwenye fimbo, bwana afya mnene aliyeijua kazi yake, na msichana wa afya aliyeanza kazi mwaka ule, mwenye miwani na daftari alilolishika kwa mikono miwili. Wanawake wa kamati walifuata nyuma, wamevaa mashada kichwani. Jua lilikuwa kali. Msichana yule aliandika kila alichoambiwa na hakufungua mdomo nyumba kumi na tatu.

Nyumba ya kumi na nne ilikuwa ya Mama Tepaeru. Maua yake yalionekana tangu mbali, vyungu saba vilivyowaka jua zima, na kila chungu kilikaa ndani ya kisahani kikubwa ili udongo usikauke. Bwana afya alikwenda kuchungulia mfereji. Mama Akaiti, aliyesimama karibu na vyungu, aliangalia chini, na ndani ya kisahani cha kwanza akaona viluwiluwi vya mbu vikijinyonga nyonga majini. Homa ya dengi ilikuwa imepita kisiwani mwaka ule. Kosa hilo hakuna aliyesamehewa, sembuse mwenyekiti.

Mama Akaiti alijikwaa. Kisahani kikapinduka. Alijishika asianguke, akapindua cha pili na cha tatu. Maji yakamwagika kwenye saruji ya moto na viluwiluwi vikakauka pale pale.

"Samahani, wifi," alisema. "Miguu yangu leo haisikii." Na akajikwaa mpaka cha saba.

Mama Tepaeru aliitazama saruji. Alikuwa na macho mazuri. Msichana wa miwani naye aliitazama saruji, akamtazama Mama Akaiti, akainama kwenye daftari lake bila kuandika kitu.

Nyumba iliyofuata ilikuwa baada ya kona. Ngazi ilikuwa imeegemezwa ukutani, maana Papa Teokotai, kwa woga wa dada yake, aliitoa mapema. Bwana afya aliingia chini ya mshelisheli akavua kofia na kujipepea.

"Choo kizuri, mfereji mzuri," alisema. "Lakini haya ni majani, si maua. Na hapa pana kivuli kweli kweli. Mwenyekiti, si mlikuwa mmesema huu mti upunguzwe?"

Wote walimgeukia Mama Tepaeru. Mama Akaiti aliishika nguzo ya kibaraza. Mama Tepaeru hakuharakisha. Alivitazama vyungu saba, ambavyo pale kivulini vilikuwa vinang'aa kama vitu vilivyowashwa, nyeupe kwanza na nyekundu nyuma yake. Aliitazama tivaevae kwenye kamba, iliyoshonwa na mama yake. Mwisho akalitazama kaburi.

"Mti huu aliupanda mama yangu," alisema. "Wa mtoto wa kaka. Hakuna aliyesema upunguzwe."

Papa Teokotai alikohoa.

"Na hayo majani mnayoyaona," Mama Tepaeru aliendelea, akimgeukia msichana wa daftari, "yametoka kwangu. Andika hivyo. Yametoka kwa mwenyekiti."

Mzee wa kijiji alicheka mpaka akaegemea fimbo. Bwana afya akasema alama zinatosha, kama ni nyekundu basi ipo, na yeye amechoka. Kundi likaanza kutoka getini.

"Kaka," Mama Tepaeru alisema akipita, bila kumtazama, "rudisha ngazi ya watu."

Alipompita Mama Akaiti alimfinya mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu, kama walivyofinyana walipokuwa wasichana wa kwaya moja. "Miguu yako," alinong'ona. "Uiangalie vizuri Jumapili, utaniaibisha kanisani."

Msichana wa afya ndiye pekee aliyechelewa. Alikuwa amesimama mbele ya vyungu, viatu vyake vimejaa vumbi, uso wake mwekundu kwa jua la nyumba kumi na tano. Alisogeza miwani juu ya pua. Kisha akasema kwa sauti ndogo kana kwamba anauliza maktabani.

"Mama, katika hivi vyote, wewe mwenyewe unakipenda kipi zaidi?"

Mama Akaiti alivitazama vyungu vyake, kuanzia cha kwanza mpaka lile pipa. Kisha akavuta kiti cha mumewe kutoka ukutani, akakiweka chini ya tawi la bembea.

"Kivuli," alisema. "Kaa."